Maili: Sarafu Iliyozaliwa Kwenye Kiti Kitupu

Nauli moja kwa wote: 1938 hadi 1978

Kwa miaka 40 mashirika ya ndege ya Marekani hayakuwa na uhuru wa kujipangia nauli. Chombo cha serikali kilichoitwa Civil Aeronautics Board ndicho kilichoamua nani aruke kutoka mji gani kwenda mji gani, na abiria alipe kiasi gani. Kwa kuwa walikatazwa kushindana kwa bei, wenye ndege walishindana kwa mapambo: chakula, sare za wahudumu, nafasi ya kunyoosha miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 American Airlines ilifikia hatua ya kuweka kinanda cha umeme ndani ya ndege zake za Boeing 747, abiria wakawa wanaimba juu ya mawingu. Lilikuwa jambo la kupendeza, lakini lilikuwa pia dalili ya ugonjwa. Ndege zile zilikuwa kubwa kuliko idadi ya wasafiri, na kinanda kilipata pa kukaa kwa sababu watu walikuwa wachache.

Kiti kitupu ndicho mzizi wa historia yote ya maili. Gunia la mchele lisilouzwa leo litauzwa kesho. Kiti cha ndege iliyoondoka saa mbili asubuhi hakina mnunuzi tena saa mbili na dakika moja. Mshahara wa rubani ni ule ule, ada ya uwanja ni ile ile, na mafuta ni karibu yale yale, kiti kiwe na mtu au kisiwe naye. Kwa hiyo kumpa mtu kiti ambacho kingebaki kitupu hakumgharimu mwenye ndege ila chakula, mafuta kidogo na karatasi ya tiketi. Anayelielewa hilo anaielewa nusu ya habari hii.

Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyofungua soko. Mashirika yakaruhusiwa kuchagua njia na kupanga nauli, na ile bodi yenyewe ikafungwa mwishoni mwa 1984. Mashirika mapya yakaingia na nauli za chini, na mashirika makongwe yakagundua kwamba abiria wao hawakuwa wao. Mtu aliyeruka nao miaka kumi alihamia kwa jirani kwa tofauti ya dola ishirini. Ikawa lazima kutafuta kitu cha kumshika.

Kitu hicho Wamarekani walikuwa nacho jikoni. Tangu 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilikuwa ikiuzia maduka stempu za kijani. Mama wa nyumbani akinunua unga au akijaza petroli alipewa stempu, akazilamba na kuzibandika kwenye kijitabu. Vijitabu vikitimia, alivipeleka kwenye duka la kampuni akachukua taa, sufuria au pasi. Somo la stempu lilikuwa hili: mtu mwenye kijitabu kilichojaa nusu hahami duka.

Namba za simu zinazojirudia: 1953 hadi 1981

Lakini stempu ya ndege isingewezekana bila kompyuta, na kompyuta hiyo ina kisa chake. Mwaka 1953, katika ndege ya kutoka Los Angeles kwenda New York, rais wa American Airlines, C. R. Smith, alijikuta ameketi karibu na muuzaji wa IBM aliyeitwa R. Blair Smith. Majina ya ukoo yaliyofanana yakafungua mazungumzo. Siku zile nafasi za ndege ziliwekwa kwa kadi za karatasi: makarani walizunguka meza yenye majalada ya safari, wakichomoa kadi na kuweka alama kwa mkono. Mazungumzo ya akina Smith wawili yakazaa mfumo wa SABRE, ulioanza kufanya kazi mwaka 1960. Ulijengwa kwa ajili ya kuhesabu viti. Bila mtu kukusudia, ukawa pia daftari la watu.

Miaka 20 baadaye American Airlines ilitaka kuwajua wateja wake bora. Wangepatikanaje? Majina hayakusaidia sana, kwa sababu mtu mmoja huandikwa kwa njia nyingi, na watu wengi huitwa jina moja. Jibu lilikuwa namba ya simu. Wataalamu waliiagiza SABRE itafute namba zinazojirudia kwenye nafasi zilizowekwa, na yakapatikana majina ya maelfu ya watu. Ndio waliokuwa wakihangaika viwanjani kila wiki kwa kazi, na waliolipiwa nauli na waajiri bila kuuliza bei.

Yalikuwepo majaribio madogo kabla. Texas International ilikuwa na mpango wa kuhesabu maili mwaka 1979, na Western Airlines ikafuata na mpango wa vocha. Hayo hayakutikisa soko. Tarehe 1 Mei 1981, American, chini ya rais wake Robert Crandall, ilizindua AAdvantage. Awali wazo lilikuwa nauli ya upendeleo kwa wateja wa kudumu. Likageuzwa likawa maili: kila umbali ulioruka uandikwe kwenye hesabu yako, na hesabu ikifika mahali fulani ukomboe tiketi. Katika siku chache tu United ikatangaza Mileage Plus, na kabla ya mwaka kwisha Delta na TWA nazo zikaingia.

Kukomboa maili siku hizo kulikuwa kazi ya posta. Taarifa ya hesabu ilikuja kwa bahasha. Mwanachama alipotosheka na idadi aliandika kuomba cheti, cheti kikaja kwa bahasha nyingine, naye akakipeleka dirishani kikatwe tiketi. Jedwali la bei lilichapishwa kwenye kijitabu: maili kadhaa kwa daraja la kawaida, kadhaa kwa daraja la kwanza. Kila mtu aliliona, na halikubadilika usiku mmoja. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ndilo lililokuja kupotea.

Zawadi yageuka deni: 1985 hadi 1995

Crandall aliendelea kuichonga mashine yake. Januari 1985 American ilianza kuuza nauli nafuu zenye masharti, ikishindana na mashirika mapya, na siri ya nauli hizo ilikuwa uwezo wa kompyuta kutabiri viti vingapi vitabaki. Ndege moja ikagawanywa mafungu: viti hivi kwa wenye haraka watakaolipa bei kamili, vile kwa wanaonunua mapema. Tiketi za maili nazo zikapewa fungu lao. Hapa ndipo wasafiri wengi hupotea hadi leo. Wakiona ndege ina viti 20 vitupu, hudhani maili zao zitapokelewa. Kiti cha zawadi si kila kiti kitupu. Ni kile ambacho kompyuta imekata tamaa ya kukiuza. Ndiyo maana hutokea zaidi miezi mingi kabla ya safari, au siku chache kabla yake, na hutoweka sikukuu zinapokaribia.

Kisha ukaja mwaka 1987, ambao kwangu ni muhimu kuliko hata 1981. American na Citibank walitoa kadi ya mkopo iliyompa mwenye kadi maili moja kwa kila dola anayotumia. Mtu akaanza kupata maili akiwa dukani, bila kupanda ndege. Na benki haikupewa maili hizo bure, ilizinunua. Shirika la ndege likawa linachapisha kitu kwenye kompyuta yake na kukiuza kwa fedha taslimu leo, huku kiti chenyewe kikidaiwa siku isiyojulikana. Mwaka uliofuata Waingereza walianza Air Miles, na huko nako petroli na mahitaji ya nyumbani yakaanza kuzaa safari.

Mwaka 1988 ndipo mambo yalipofurika. Delta ilitangaza maili mara tatu, na washindani wakalazimika kufuata. Aliyeruka mara moja akaandikiwa mara tatu. Hesabu za wanachama zikavimba, na wahasibu wakaanza kuuliza swali baya: wote wakija siku moja kudai, itakuwaje? Pembeni walizuka madalali walionunua vyeti vya zawadi kwa wasafiri na kuwauzia wengine. Mashirika yakawashtaki, yakisema maili haiuzwi.

Mwaka huo huo American ilibadili masharti: idadi ya viti vya zawadi ikawekewa mpaka, na zikatajwa tarehe ambazo maili hazipokelewi. Mabadiliko yakahusu hata maili zilizokwisha kukusanywa. Wanachama walienda mahakamani katika jimbo la Illinois, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1995, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ilitoa jibu lenye ncha mbili. Abiria hawezi kutumia sheria za jimbo za kulinda mlaji dhidi ya shirika la ndege, kwa sababu ile sheria ya 1978 imezifunga. Anaweza kudai mkataba tu. Na mkataba, kama ujuavyo, huandikwa na shirika, pamoja na mstari unaosema masharti yanaweza kubadilishwa wakati wowote. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo iliukaza uzi. Rabi mmoja wa Minnesota aliyefutiwa uanachama na shirika la Northwest, lililosema analalamika kupita kiasi, aliambiwa hawezi hata kudai kwamba hakutendewa kwa nia njema. Sheria iliyoletwa ili kuwafungulia abiria soko ikawa ndiyo inayofunga mlango wakidai maili zao.

Makopo ya pudini na miungano: 1997 hadi 2011

Tarehe 14 Mei 1997 mashirika matano, yaani United, Lufthansa, Air Canada, SAS na Thai, yaliunda Star Alliance. Oneworld ilianza 1999 na SkyTeam 2000. Maana yake kwa msafiri ilikuwa kubwa: maili zilizopatikana kwa shirika moja zikakomboa kiti kwa jingine. Ni kwa njia hiyo mpango huu wa Kimarekani ulifika kwetu rasmi. KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996, na abiria wa Nairobi wakawa wanakusanya maili kwenye mpango wa Wadachi, ambao mwaka 2005 uliunganishwa na ule wa Air France ukaitwa Flying Blue. Kenya Airways ikawa mwanachama kamili wa SkyTeam mwaka 2010, na baadaye ikaanzisha mpango wake yenyewe, Asante Rewards. Ethiopian, ambayo maili zake zimepewa jina la malkia wa Sheba, iliingia Star Alliance Desemba 2011. Emirates nayo ilikuwa imeanzisha Skywards tangu 2000. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akapata madaftari matatu ya kuchagua.

Kisa kinachoonyesha enzi hiyo vizuri kilitokea California mwaka 1999. Kampuni ya vyakula ilitangaza kwamba atakayetuma alama 10 za mistari kutoka kwenye bidhaa zake atapewa maili 500, na akiwahi kabla ya mwisho wa Mei apewe 1,000. Mhandisi mmoja alikaa na kalamu, akapiga hesabu, akatafuta bidhaa ya kampuni hiyo iliyo rahisi kuliko zote. Akaipata: kikopo cha pudini, kwa senti 25. Alizunguka maduka akanunua vikopo zaidi ya 12,000. Tatizo likawa kubandua lebo zote hizo kabla ya tarehe. Akawapelekea Salvation Army, wao wakabandua lebo na kubaki na pudini kwa ajili ya wahitaji. Kwa kama dola 3,000 alipata maili zaidi ya milioni 1.2. Kampuni ililipa. Kila neno la tangazo lilikuwa limeandikwa na wenyewe. Yeye alisoma tu kwa makini kuliko waliolitunga.

Maili za nani? 2001 na 2002

Tangu mwanzo kulikuwa na swali lililokwepwa. Nauli imelipwa na mwajiri, maili zimeingia kwa mfanyakazi. Je, ni zake? Mpango mzima ulitegemea jibu liwe ndiyo, maana mfanyakazi alichagua shirika na mwajiri akalipa bili. Serikali ya Marekani iliwakatalia watumishi wake hadi mwishoni mwa 2001, Bunge lilipobadili sheria wakaruhusiwa kubaki nazo. Mwaka 2002 mamlaka ya kodi ikatangaza kwamba haitamfuatilia mtu kwa maili alizopata katika safari za kazi na kuzitumia binafsi.

Ujerumani mambo yalikuwa machungu. Katika kiangazi cha mwaka huo huo wa 2002 ilifichuka kwamba wanasiasa walizitumia katika safari zao binafsi maili walizopata kwenye safari za umma. Cem Özdemir wa chama cha Kijani aliachia nafasi yake, na Gregor Gysi akajiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin. Nadhani Wajerumani waliona jambo ambalo Wamarekani walikubaliana kulifumbia macho. Tiketi ikinunuliwa kwa kodi ya wananchi, na kilichozaliwa na tiketi hiyo kina asili ya kodi.

Shirika lenye benki ndani yake: 2005 hadi 2021

Januari 2005 jarida la The Economist lilikadiria kwamba maili zisizokombolewa duniani zilikuwa trilioni 14, na kwamba thamani yake imepita dola zote za noti na sarafu zilizokuwa kwenye mzunguko. Hata ukiyapunguza makadirio hayo, picha inabaki. Air Canada iliuza hisa za mpango wake, Aeroplan, mwaka huo huo, kisha ikatambua kosa lake na kuununua tena mwaka 2019.

Ukweli kamili ulionekana wakati wa Uviko. Mwaka 2020 ndege zililala chini, na United ikahitaji fedha haraka. Iliweka rehani nini? Si ndege, maana nani angetaka ndege mwaka ule? Iliweka MileagePlus, ikapata dola bilioni 6.8. Ili wakopeshaji waridhike ilibidi vitabu vifunguliwe. Vilionyesha kwamba mwaka 2019 mpango huo uliuza maili za dola bilioni 5.3, sehemu kubwa kwa benki na washirika wengine, na United iliuthamini kwa karibu dola bilioni 22. Kiasi hicho kilipita thamani ya hisa zote za United sokoni wakati ule. Delta ilikopa bilioni 9 kwa mgongo wa mpango wake, SkyMiles, na American bilioni 10 kwa AAdvantage mwaka 2021.

Hebu tulitazame jambo hili bila haraka. Ndege, marubani, makanika na viwanja, vyote pamoja na mpango wa maili, vilikuwa na bei ndogo sokoni kuliko mpango wa maili peke yake. Kiti kitupu kilichokuwa kikitolewa ili abiria asihame, sasa kilikuwa kinaibeba ndege.

Jedwali lafungwa: 2015 na kuendelea

Anayechapisha sarafu hujaribiwa kuipunguzia nguvu, na jaribu hilo halikukosa mtu. Mwaka 2015 Delta iliacha kuhesabu umbali, ikahesabu dola ulizolipa. United ikafuata mwaka huo, American 2016. Aliyenunua tiketi nafuu kwenda mbali akapata kidogo, aliyelipa sana kwenda karibu akapata kingi. Neno maili likabaki jina tu. Februari 2015 hiyo hiyo Delta iliondoa jedwali la bei za zawadi, United ikaondoa la kwake Novemba 2019, na American ikaelekea huko mwaka 2023. Tangu hapo bei ya kiti kwa maili hupanda na kushuka pamoja na nauli, na mwanachama hajui maili zake za jana zina thamani gani hadi aifungue programu leo. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliziandikia American, Delta, Southwest na United ikitaka maelezo kuhusu bei hizi zisizotabirika na maili zinazopoteza nguvu.

Huku kwetu barua ya namna hiyo sijaisikia. Yupo dada mmoja Kariakoo, muuza mapazia, ambaye huenda Guangzhou mara tatu kwa mwaka. Kwa miaka sita amekusanya maili za shirika moja la Ghuba kwa lengo moja: kumpeleka mama yake Umra. Mwaka jana nilikaa naye dukani usiku, rola za vitambaa zimetuzunguka, akiifungua programu kwenye simu. Tarehe alizotaka zilikuwa za Ramadhani. Maili zilizotakiwa zilikuwa karibu mara mbili ya zile alizoziandika kwenye daftari lake mwaka uliotangulia, na chini yake kukawa na kodi na ada za kulipa kwa fedha. Alilinganisha daftari na simu mara mbili.

"Sasa kaka, hizi si nilishazilipia?" aliniuliza.

Nilimweleza habari ya mafungu ya viti, kwamba asitafute siku ambayo kila mtu anaitaka. Tukaanza kusogeza tarehe, wiki kwa wiki, tukiupita Mfunguo Mosi, tukivuka msimu wa Hija. Katika Mfunguo Tano, siku ya Jumanne, bei ikaanguka. Vilikuwa vimebaki viti viwili. Alimpigia mama yake simu palepale, akamwamkia, akamuuliza kama ataweza kungoja. Mama hakuelewa maili ni nini, ila alielewa Makka. Dada akarudi kwenye simu na kuandika jina la mama herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, akalipia kodi kwa kadi, na tukasubiri kiduara kizunguke hadi namba ya tiketi ikatokea.